Si dini iliyoigawa Kipro

Bwana Mhariri,

Katika toleo lenu la wiki mbili zilizopita, kwenye ukurasa wa habari za nchi za nje, mlichapisha habari fupi juu ya kisiwa cha Kipro, nami niliisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Sina ugomvi na sehemu kubwa ya habari hiyo, lakini ilimalizika kwa sentensi iliyosema kwamba kisiwa "kimegawanyika kati ya Waislamu wa kaskazini na Wakristo wa kusini, watu wa lugha mbili ambao hawakuweza kuishi pamoja". Ninafundisha historia na jiografia katika shule ya sekondari hapa komini ya Katuba. Siku mbili baada ya gazeti kutoka, mwanafunzi wangu mmoja aliinuka darasani akaisoma sentensi hiyo kwa sauti, kisha akaongeza, kama mtu aliyepata ushahidi aliokuwa akiutafuta: "Mwalimu, hata huko wameshindwa. Kila kabila likae kwake." Wenzake wengi wakaitikia. Ndiyo maana naandika, tena kwa urefu, na naomba radhi mapema kwa nafasi nitakayochukua.

Sentensi ile inalitanguliza jambo lililokuja mwisho. Msomaji anapoimaliza anadhani kwamba tangu zamani palikuwa na watu wa aina mbili, wakagombana, wakatenganishwa. Historia ya Kipro inasimulia kinyume chake: watu walikuwa wamechanganyika katika lugha, katika ibada na katika vijiji, na ilichukua karibu miaka 100 ya kuhesabiwa, kufundishwa mbali mbali, kuandikwa katika katiba na hatimaye kufukuzwa kwa bunduki, ndipo ramani ikawa kama tunavyoiona leo.

Nianze na kisiwa chenyewe, kwa kuwa wengi wetu tunakijua kwa jina tu. Kipro iko mashariki mwa bahari ya Mediterania, kusini mwa Uturuki na magharibi mwa Syria na Lebanoni, na eneo lake ni kilomita za mraba 9,251, kiasi kwamba mkoa wetu wa Haut-Katanga ungeweza kuimeza mara kumi na nne. Wasomaji wa Biblia watakumbuka kwamba Barnaba alikuwa mtu wa huko, na kwamba katika safari yao ya kwanza yeye na Paulo waliteremka Salami, wakakipita kisiwa chote mpaka Pafo, ambako Sergio Paulo, aliyekuwa mtawala, aliamini. Sisi watu wa mji wa shaba tuna uhusiano mwingine nacho ambao haufundishwi shuleni. Waroma waliyapa madini yetu haya jina la kisiwa hicho, na kutoka hapo likaja neno la Kilatini cuprum, na la Kifaransa cuivre ambalo kila mtoto wa Lubumbashi hulijua kabla ya kujua mahali Kipro ilipo. Mpaka leo bendera ya Jamhuri ya Kipro ina ramani ya kisiwa kizima, bila mstari wowote katikati, iliyopakwa rangi ya shaba.

Watu wa kisiwa ni wangapi? Hapo ndipo shida inapoanza, na mwanafunzi yeyote wa jiografia anapaswa kusimama kidogo. Sensa ya mwisho iliyowahesabu wakazi wote kwa pamoja ilifanyika mwaka 1960, nayo iliona watu zaidi ya 573,000, ambao kati yao Wakipro wa Kigiriki walikuwa takriban 442,000 na Wakipro wa Kituruki takriban 104,000, na waliobaki walikuwa vikundi vidogo vya Wakristo (Waarmeni, Wamaroni na Walatini) na wengineo. Tangu hapo kila upande hujihesabu wenyewe. Jamhuri ya Kipro, katika eneo inaloliongoza kusini, ilihesabu watu zaidi ya 920,000 mwaka 2021; utawala wa kaskazini, katika sensa yake ya 2011, ulitaja watu 286,257. Hesabu hizo mbili haziwezi kujumlishwa kirahisi, kwa sababu pande hizo hazikubaliani nani ahesabiwe: Jamhuri huwaona Waturuki waliohamia kutoka Uturuki baada ya 1974 kuwa walowezi, na kaskazini wengi wao ni raia wenye kura. Sisi Wakongo tunapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine, kwa kuwa sensa yetu ya mwisho ni ya mwaka 1984, na kila mtu anayetaka kutuambia kabila fulani ni wengi na kabila fulani ni wageni hutumia namba aliyoitunga mwenyewe.

Sasa nije kwenye dini. Ukristo ulifika Kipro katika karne ya kwanza, na Kanisa la Kiorthodoksi la huko lina heshima kubwa miongoni mwa makanisa ya Mashariki: Mtaguso wa Efeso wa mwaka 431 ulilitambua kuwa halimtegemei patriaki yeyote, na askofu mkuu wake hadi leo hutia sahihi kwa wino mwekundu, haki ambayo mapokeo ya kanisa yanasema alipewa na mfalme Zeno wa Konstantinopoli. Hapa kwetu Katanga tunawajua Wagiriki tangu siku za Élisabethville, tunajua maduka yao na kanisa lao, na Waorthodoksi Wakongo wapo Kolwezi na hapa mjini. Lakini kanisa letu hili liko chini ya Patriaki wa Aleksandria, na si kila anayesema Kigiriki ni mtu wa Ugiriki. Makarios wa Tatu, askofu mkuu aliyekuwa rais wa kwanza wa Kipro, ana alama yake hata katika nchi za Waswahili: Waingereza walimhamishia Shelisheli mwaka 1956, na mwaka 1971, akiwa rais, alifika Kenya akabatiza watu wengi, na seminari ya Kiorthodoksi ya Nairobi ina jina lake.

Uislamu nao si mgeni wa juzi. Karibu na ziwa la chumvi la Larnaka kuna kaburi la Ummu Haram, mmoja wa wanawake waliokuwa masahaba wa Mtume, ambaye masimulizi yanasema alianguka kutoka juu ya nyumbu alipofika na jeshi la Waislamu katikati ya karne ya saba. Kaburi hilo liko kusini, upande ambao gazeti lenu liliuita wa Wakristo. Na monasteri ya Mtume Andrea, ambayo Waorthodoksi huiheshimu sana, iko kaskazini, kwenye ncha ya rasi ya Karpas, na hata Wakipro wa Kituruki wamezoea kwenda huko kuwasha mishumaa na kuweka nadhiri. Kama dini ndiyo iliyochora mpaka, basi ilikosea kuchora mahali pake patakatifu.

Waosmani, watawala wa Kituruki wa Istanbul, walikiteka kisiwa mwaka 1570 na 1571 kutoka kwa Venisi, na wao waliwapanga raia zao kwa dini, bila kujali lugha. Askofu mkuu akawa msemaji wa Wakristo wote mbele ya sultani, na kodi ikatofautiana kwa Mwislamu na asiye Mwislamu. Katika mpango huo likazuka kundi ambalo kila mara ninapolifundisha darasa hunyamaza. Waliitwa Linobambaki, maana yake watu wa kitani na pamba, kama kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za aina mbili. Mbele ya serikali walikuwa Waislamu, na nyumbani walibatiza watoto wao. Mtu mmoja aliweza kuwa na jina la Kiislamu na la Kikristo, na vijiji vizima viliishi hivyo kwa vizazi. Tena palikuwa na Waislamu ambao lugha yao ya mama ilikuwa Kigiriki. Kijiji cha Louroujina, kilichoko kusini mashariki ya mji mkuu, Nikosia, kilikuwa cha namna hiyo: wazee wake walihesabiwa kuwa Waturuki, lakini walizungumza Kigiriki nyumbani. Naomba mwandishi wenu aniambie watu hao angewaweka upande gani wa sentensi yake.

Uingereza ilipochukua utawala mwaka 1878 ilikuja na karatasi zake za kuhesabia watu. Sensa ya 1881 iliona watu 186,173, na karibu robo yao waliandikwa kuwa Waislamu. Kuhesabu hakukuwa kosa, maana serikali isiyojua idadi ya watu wake haiwezi kujenga hata kisima kwa haki. Kosa lilikuja katika yale yaliyofuata hesabu. Viti katika baraza la kutunga sheria viligawiwa kwa dini. Shule ziliachwa mikononi mwa kila jumuiya, na mtoto wa Kiorthodoksi akasoma vitabu vilivyomfundisha kuipenda Athens, na mtoto wa Kiislamu akasoma vitabu vilivyomwelekeza Istanbul na baadaye Ankara. Linobambaki walilazimika kuchagua, kwa kuwa hakuna msimamizi wa shule wala karani wa sensa aliyekuwa na safu ya kuwaandika watu wa kitani na pamba. Vijiji vilivyochanganyika vikaanza kupungua, kizazi baada ya kizazi, muda mrefu kabla mtu yeyote hajafyatua risasi.

Ninaomba wasomaji wavumilie kidogo juu ya katiba ya 1960, kwa sababu hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo. Uhuru ulipatikana tarehe 16 Agosti mwaka huo, baada ya miaka minne ya vita vya EOKA, kundi la Wakipro wa Kigiriki lililotaka kisiwa kiungane na Ugiriki, huku viongozi wa Kituruki wakijibu kwa kutaka kisiwa kigawanywe. Uingereza, Ugiriki na Uturuki zikawa wadhamini, na Uingereza ikajibakizia kambi mbili za kijeshi, Akrotiri na Dhekelia, ambazo inazo hadi leo. Katiba ilitaka rais awe Mgiriki na makamu wake Mturuki, na bunge la watu 50 liwe na Wagiriki 35 na Waturuki 15. Kifungu chake cha pili kiliwagawa raia katika jumuiya mbili tu. Mtu alikuwa wa jumuiya ya Kigiriki kwa asili yake pamoja na lugha au mila za Kigiriki, au kwa kuwa mshiriki wa Kanisa la Kiorthodoksi. Na wa jumuiya ya Kituruki kwa njia kama hiyo, au kwa kuwa Mwislamu. Mwanamke aliyeolewa alihesabiwa katika jumuiya ya mumewe. Asiyeingia popote alipewa miezi mitatu achague.

Ndivyo Waarmeni, Wamaroni na Walatini, yaani Wakatoliki wa mapokeo ya Kiroma, walivyoulizwa kama vikundi vya dini wanataka kuwa Wagiriki au Waturuki, na mwezi Novemba 1960 wakachagua kuwa upande wa Wagiriki. Wafikirie Wamaroni: ni Wakatoliki walio chini ya Papa, babu zao walitoka Syria na Lebanoni zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na katika kijiji chao cha Kormakitis walizungumza lugha ya asili ya Kiarabu. Hawakuwa Wagiriki kwa asili, wala kwa lugha, wala kwa kanisa. Waliandikwa Wagiriki kwa sababu karatasi ilikuwa na nafasi mbili.

Yaliyobaki yanajulikana zaidi, nami nitayapita haraka. Mwezi Desemba 1963 Makarios na makamu wake, Fazıl Küçük, walikuwa tayari wametofautiana juu ya kuibadilisha katiba, na mapigano yakazuka Nikosia. Jenerali mmoja Mwingereza, Peter Young, akachora kwa kalamu ya kijani mstari juu ya ramani ya mji, na mstari huo unaitwa Mstari wa Kijani mpaka leo. Wakipro wa Kituruki wengi walikimbia vijiji vyao wakajazana katika maeneo yaliyozingirwa, na kikosi cha Umoja wa Mataifa kikaundwa mwezi Machi 1964, wakati askari wengine wa Umoja huo walikuwa bado hapa Kongo. Tarehe 15 Julai 1974 watawala wa kijeshi wa Ugiriki waliongoza mapinduzi dhidi ya Makarios. Siku tano baadaye jeshi la Uturuki likateremka pwani ya kaskazini, na kufikia katikati ya Agosti lilishika zaidi ya theluthi moja ya kisiwa. Wakipro wa Kigiriki zaidi ya 160,000 walikimbilia kusini, na wale wa Kituruki zaidi ya 40,000 wakaelekea kaskazini, wengine wakisafirishwa kwa makubaliano yaliyofanyika Vienna mwaka 1975. Mwaka 1983 kaskazini ilitangaza nchi yake, ambayo Uturuki peke yake inaitambua.

Tafadhali tazameni mpangilio wa matukio hayo. Kaskazini ikawa ya Waislamu na kusini ikawa ya Wakristo mwaka 1974 na 1975, baada ya watu kuhamishwa. Kabla ya hapo kulikuwa na misikiti yenye waumini Pafo na Limassol, na kengele za makanisa zililia Kirenia na Famagusta. Na katika misafara ile iliyoelekea kaskazini walikuwemo wazee wa vijiji vya magharibi waliojua Kigiriki vizuri kuliko Kituruki, wakipelekwa "kwao", mahali ambapo hawakuwahi kulala hata usiku mmoja.

Bwana Mhariri, hapo siwezi kuandika kama mtu wa mbali. Mwaka 1992 nilikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili Likasi, na mkoa wetu bado uliitwa Shaba. Nyumba iliyopakana na yetu ilikuwa ya familia ya Kikasai. Baba yao alikuwa mfanyakazi wa reli, na mtoto wao wa pili alikuwa rafiki yangu. Watoto wale walizaliwa Likasi. Walizungumza Kiswahili kama sisi, Kiswahili chetu cha huku, na Kiluba cha Kasai walikijua maneno ya salamu tu ambayo nyanya yao aliwafundisha. Vijana walipoanza kupita wakiwaita Wakasai wadudu, mama yao alimwuliza mama yangu kwa Kiswahili: "Mama Kaka, tutarudi wapi?" Walikaa stesheni ya Likasi wiki nyingi pamoja na maelfu ya wengine, chini ya mahema ya mifuko, wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai. Nilimpelekea rafiki yangu viazi vitamu mara mbili. Mara ya tatu sikumkuta, na sijui kama alifika. Kwa hiyo mwanafunzi anaposema "kila kabila likae kwake", mimi namwona mtoto mmoja aliyekaa juu ya sanduku, akipelekwa katika mji ambao hakuujua, kwa lugha ambayo hakuisema.

Na lugha zenyewe za Kipro zinastahili kuelezwa vizuri zaidi ya kusema ni mbili. Kwa katiba ni kweli, Kigiriki na Kituruki ndizo lugha rasmi, na hata sarafu ya yuro inayotolewa na Kipro huandikwa jina la nchi kwa lugha zote mbili. Lakini Kigiriki cha Kipro si kile cha Athens. Mtu wa Lubumbashi ataelewa nikimwambia kwamba uhusiano wao ni kama wa Kiswahili cha mitaani kwetu na kile tunachokiita Kiswahili bora: mtoto husema batu na bintu nyumbani, kisha mwalimu humsahihisha darasani aseme watu na vitu. Mkipro husema che pale Mgiriki wa Athens anaposema ke, kwa maana ya "na", naye husahihishwa vivyo hivyo. Wakipro wa Kituruki nao wana Kituruki chao, ambacho huuliza maswali bila ile silabi ya kuulizia ya Kituruki cha Uturuki, na wageni kutoka Ankara huwatambua mara moja. Lahaja hizo mbili zimeazimana maneno mengi ya jikoni na ya shambani. Jibini lao la maziwa ya mbuzi na kondoo ni halloumi kwa huyu na hellim kwa yule, na mwaka 2021 Umoja wa Ulaya uliliandikisha kwa majina yote mawili. Hata magimbi, ambayo sikujua kwamba yanaliwa sana huko, yana jina moja kwa pande zote, kolokasi au kolokas.

Lugha inayoniuma ni ile ya Kormakitis. Wenyewe huiita Sanna, yaani lugha yetu, na anayejua neno letu lisani atasikia mzizi ule ule wa Kiarabu ndani yake. Vijiji vyote vinne vya Wamaroni vilijikuta kaskazini mwaka 1974. Vijana walikwenda kusini, wakatawanyika Nikosia na Limassol, wakasoma shule za Kigiriki, wakaoa na kuolewa na Waorthodoksi, na wazee wachache walibaki kijijini wakizungumza Sanna wao kwa wao. Jamhuri iliitambua rasmi kuwa lugha ya wachache mwaka 2008, pamoja na Kiarmeni kilichokwisha kutambuliwa kabla, na siku hizi kuna masomo ya likizo ya kuwafundisha watoto. Lugha iliyovuka zaidi ya miaka 1,000, pamoja na utawala wa Wafranki, Venisi, Waosmani na Waingereza ilikuja kuvunjwa na mpaka wa majira ya joto moja.

Leo kusini kwenyewe hakufanani tena na picha ya zamani. Katika sensa ya 2011 Waorthodoksi walikuwa takriban asilimia 89 ya watu, lakini palikuwa pia na Wakatoliki kutoka Ufilipino, Waromania, Wabulgaria, Warusi, Waarabu na Wabudha kutoka Sri Lanka, na lugha ya tatu kwa wingi baada ya Kigiriki na Kiingereza ilikuwa Kiromania. Kaskazini walio wengi ni Waislamu wa Sunni, ingawa Wakipro wa Kituruki wa asili wanajulikana kwa kutoishika sana sheria ya ibada, na mara kwa mara wamelalamika serikali ya Uturuki inapojenga misikiti mikubwa na kuongeza mafundisho ya dini mashuleni. Kwa hiyo hata ugomvi wa dini uliopo kaskazini ni baina ya Waislamu na Waislamu.

Tarehe 23 Aprili 2003 vizuizi vilifunguliwa kwa mara ya kwanza, na maelfu ya watu wakavuka kwenda kutazama nyumba zao za zamani. Mwaka mmoja baadaye, katika kura ya maoni juu ya mpango wa Kofi Annan wa kuunganisha kisiwa, Wakipro wa Kituruki asilimia 65 walikubali na wale wa Kigiriki asilimia 76 walikataa, kila upande kwa sababu zake za ardhi, usalama na majeshi. Hakuna mahali ambapo kura hiyo ilikuwa juu ya sala. Kamati ya pamoja inayotafuta watu waliopotea ina orodha ya watu 2,002, kati yao Wakipro wa Kigiriki 1,510 na wa Kituruki 492, na wanasayansi vijana wa jumuiya zote mbili wanachimba makaburi pamoja, wanapima mifupa meza moja, na wamekwisha kuzirudishia familia zaidi ya 1,000 watu wao.

Jambo la mwisho ni la haraka, na ndilo lililonifanya nisisubiri. Kila mwaka mawakala hupita hapa mjini wakiwatafutia vijana nafasi za vyuo "Chypre, Ulaya". Baba mmoja jirani yangu, fundi wa kuchomelea vyuma, ameuza nusu ya parseli yake kwa ajili hiyo, na Jumapili iliyopita alikuja kwangu na barua ya kukubaliwa mkononi, akaniuliza: "Mwalimu, huko wanasema lugha gani, na kijana wangu atasali wapi?" Niliitazama barua nikaona chuo kiko kaskazini. Nikamweleza kwamba darasani watamfundisha kwa Kiingereza lakini dukani atahitaji Kituruki. Kwamba Kirenia kuna kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Andrea, na wanafunzi Waafrika hukusanyika kusali. Kwamba ndege itampitisha Uturuki mpaka uwanja wa Ercan, na Jamhuri ya Kipro humhesabu aliyeingia kwa njia hiyo kuwa ameingia bila ruhusa, hivyo hawezi kuvuka kusini kama anavyovuka barabara ya Katuba. Nikamweleza pia kwamba kisiwa kizima ni eneo la Umoja wa Ulaya kwa karatasi, lakini sheria za Umoja huo zimesimamishwa kaskazini, na kwamba aulize kwanza, kwa maandishi, kama shahada ya chuo kile itakubaliwa hapa Kongo.

Alikuwa hajaambiwa na wakala kwamba kisiwa kina mstari. Nilimchorea kwenye ubao wangu wa nyumbani, kilomita 180 kutoka pwani mpaka pwani, akauangalia kwa muda mrefu, akauliza kama ningeweza kumchorea tena kwenye karatasi ampelekee mkewe. Naomba gazeti lenu lichapishe ramani hiyo kabla ya mwezi wa saba, mawakala wanapoanza kuzunguka, na chini yake mweke majina ya watu wote wanaoishi pale, Wamaroni na Waarmeni wakiwemo.

Wako katika kazi ya elimu,

Mwalimu wa historia na jiografia,
Komini ya Katuba, Lubumbashi